Mwamba Raketi

Mize kaja na raketi mbili, mtu na pachaye,
zimekatika nyuzi mahali pamoja.
Kaziweka juu ya cherehani:
"Niwambie moja nyeusi, moja ya asali.
Kisha niambie ipi ina nguvu."

Baba yangu akiwamba vitanda hapa hapa Wete,
kamba ya usumba, matendegu ya msaji,
mguu mmoja kaukanyagia mfumbati,
jasho likimdondoka kwenye matundu.
Mimi nimerithi vidole tu.
Watu sasa wanalalia sponji.
Basi mashine yangu ni gia ya baiskeli, bomba,
na kopo la rangi lililojaa saruji;
kilo nimeziandika kwa chaki.

Zote mbili poliesta.
Nyeusi ina pembe. Ukiipitisha baina ya vidole
inakwaruza kama ulimi wa paka.
Ya asali ni duara, inateleza,
inakimbia fundo kama mtoto anayekimbia kuoga.
Kilo ishirini na tatu, nikamwambia. Sawa kwa sawa.

Alasiri, nyuma ya bohari, saruji bado ina madimbwi.
Wavu umetiwa kiraka cha jarife.
Ng'ambo yupo Faki, muuza dawa wa Limbani,
soksi moja ndefu, moja fupi.

Nyeusi kwanza.
Pa!
Mpira unapanda na kinyongo chake, unajipinda,
unaanguka ndani ya mstari kama aliyeitwa na mamaye.
Faki anarudi kinyumenyume mpaka ukutani.
"Umeona nguvu?" napiga kelele.
"Nguvu ni zangu," ananijibu.
"Hii inanirudishia nilichotia, senti kwa senti,
kama karani wa benki.
Na kila senti naisikia kiwikoni."

Ya asali, sasa.
Sauti imefifia: pwu,
kama mto uliotupwa kitandani.
Mpira unakaa, chini ya kupepesa jicho,
mgeni aliyesema sikai akakaa,
ndipo unaondoka,
mbali,
mbali mno, hatua mbili nje,
kuku wa watu wanatawanyika.
"Mkarimu huyu," anasema Mize, "hajui kipimo.
Lakini mkono umenyamaza."

Nami natafuta neno.
Kugusa silo. Kupapasa silo, kutomasa ndiyo aibu kabisa.
Ninalolitaka ni la pale mpira unapokuarifu
umepigwa kwenye tundu gani, la tatu au la nne,
kabla macho hayajajua.
Baba alikuwa akilala chali juu ya kitanda kipya,
anajigeuza mara moja, anasema: "Inasema."
Au anainuka, anakifumua chote.

Mize kazisogeza raketi sikioni,
kazidonoa kwa ukucha, hii, kisha hii.
Ting.
Tong.
"Mjomba. Hizi si pacha."

Mwamba ngoma huvutia kwake, wanasema,
na mimi nilikuwa nimevutia hasa.
Nyeusi ninayo roli nzima, mita mia mbili,
deni la Mombasa, mwezi wa tatu huu.
Ya asali imebaki ya raketi moja.
Nikaiwamba kwa kilo ishirini,
ilegee, irushe, ionekane haina adabu.
Uzi uliolegea hutupa mbali; hilo nalijua
kama nijuavyo jina langu.

Sikujitetea. Nikachukua mkasi.
Poliesta haikatiki kwa heshima:
inaruka, inakuchapa shavuni.
Usiku nikaazima uzi kwa mwalimu mmoja wa Chake,
nikaandika chaki 23,
nikafuta, nikaandika tena,
nikavuta mpaka kopo likatulia.

Jumatatu mpira wake wa kwanza ulitua juu ya chokaa.
Wa pili nje. Wa tatu sikuuona,
kwani Faki alikuwa kanishika shati:
"Mimi niwambie ile nyeusi."
Kilo ngapi?
"Zozote. Kiwiko changu kizima."