Sina Hakika, Uliza

Soroti, saa tano. Nimekaa chini ya bawa la kushoto,
kivuli pekee kwenye lami inayotokota kama uji wa mtama,
gotini nina kishikwambi cha mkono wa pili
nilichokipata Kampala, Barabara ya Wilson,
baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akanitupia kava bure.
Kioo kina ufa. Umepasua Karamoja yote
kama mto ambao haupo.

Nimepakua programu nne. Bando limekatika mara mbili.

Ya kwanza, jamani, ni nzuri ya kuposa.
Milima ina vivuli, mawingu yanatembea,
inajua kila mnara wa kanisa huko kwao kwenye baridi.
Ukiivuta hadi kwetu inabaki karatasi ya manjano tupu.
Na kwa utupu huo inataka dola, kila mwaka,
kwa kadi ambayo benki yangu bado "inaishughulikia".

Ya pili ni ya bure.
Nilipiga mstari kutoka hapa hadi Moroto,
likaibuka tangazo la mkopo wa papo kwa papo,
likakaa sawasawa juu ya Mlima Napak.
Nilicheka. Ejoku hakucheka.
Yeye ndiye hukaza boliti za injini hii,
akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema:
"Mlima ukifunikwa haujaondoka."

Ya tatu niliipenda, nikaizimia bando makusudi
nijifanye nimeshapita Iriiri, kule mtandao unakofia.
Ramani ikageuka miraba ya kijivu, mraba baada ya mraba,
na katikati yake kindege cha samawati, mimi huyo,
naelea juu ya hakuna.

Ya nne ina sura mbaya.
Herufi za risiti ya dukani, rangi za tope,
vitufe vidogo kwa kidole kilicholowa jasho.
Lakini nchi nzima imeingia tumboni mwake, hadi Turkana,
haiombi mtandao, haiombi kitu.
Nikaigusa Moroto, hali ya njia ya kurukia.
Ikajibu: Taarifa ya zamani. Sina hakika. Uliza.

Nikaitazama muda mrefu.
Nimefanya kazi na watu wazima, wenye tai,
ambao wangeanguka na ndege kuliko kutamka maneno hayo.

Nilimkumbuka Elungat, tuliyesoma naye darasa moja.
Yeye alifuata mstari wa waridi, mnyoofu, wa kisasa,
mpaka kiwanja ambacho msimu ule kilikuwa shamba la mtama.
Alitoka mzima, masuke kwenye nywele.
Anasema kilichomuudhi ni mstari:
haukutetemeka hata kidogo.

Basi nimeichukua yenye sura mbaya.
Nimeipima na karatasi, rula na penseli,
jinsi Mwalimu Amuge alivyotufunza kwa kutugonga vidole:
digrii hamsini na tatu, dakika arobaini na saba
kama upepo hautakuwa na maneno,
mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya kujuta.
Tumelingana, tumepishana digrii moja tu.
Sijui aliyekosea ni nani. Nashuku ni rula.

Ndipo kifaa kikazima chenyewe. Joto.
Ejoku akakipeleka kwenye boksi la chanjo
kikapoe kando ya barafu, dakika tano, asizidishe,
nami nikachukua simu ya kitochi nikaulizia, kama nilivyoambiwa.

Nakiru huuza chai mwisho wa kiwanja cha Moroto.
"Mvua?" Ilinyesha jana, pamekauka.
"Mashimo?" Moja, upande wa mlimani, wameweka tairi jeupe.
"Mbuzi?"
Akakaa kimya, nikasikia kengele zao kabla yake.
"Wapo. Njoo saa nane, nitakuwa nimewaswaga."

Kishikwambi kimerudi kikiwa baridi, kina ukungu kiooni.
Chini kabisa ya ukurasa, pale pabaya kuliko pote,
kuna kisanduku kimeandikwa Maelezo ya rubani.
Nimeandika: mbuzi, saa nane.
Kisha, kwa penseli, nikaandika tena kwenye karatasi.