Zamu ya Maji

Usiku wa zamu yetu hapakuwa na mwezi.
Mfongo wa Machame hauna lango la chuma:
kipande cha mgomba, bonge la udongo,
gunia la sukari lililokwisha kuchakaa.
Usipofunga, viazi vya kina Swai vinaoza;
usipofungua, vyako vinakauka.
Maji hayana kosa. Hilo nililijua
kabla sijajua kusoma.

Leo niko maabara, Moshi mjini,
mwezi wa nne, mlima haujaonekana siku tisa,
na mbele yangu ni karatasi ya dada yangu Ndeonasia
ambayo kwa taratibu sikupaswa kuigusa.

Seli ina ukuta. Ukuta una milango.
Huu wa chumvi, ule wa chokaa,
na ule wa kitu kilichojaa ndani ya ndizi
na kwenye jivu la maganda yake.
Kwa wepesi wa kufunguka na kufungwa kwake
kope ni mzee wa mkongojo.
Kila mlango una jeni yake, waraka wa fundi:
pima hapa, chonga pale, bawaba iwe hivi.

Mtoto wa Urio, yule wa degedege,
waraka wake umekosewa herufi moja.
Mlango wa chumvi unagoma kwa wale walinzi wa ubongo
ambao kazi yao ni kusema: basi, inatosha.
Walinzi wakinyamaza, mwili mzima unapiga kelele.
Majirani walisema ni jicho. Walimfukiza mpaka akakohoa.

Ndeonasia, waraka wake hauna kosa.
Nimeusoma mara tatu nikitafuta wa kumlaumu.
Ni mlango wa moyo, mzima, mzuri,
kazi yake kusukuma pigo hadi pigo,
umefunguliwa titi la kushoto, ndani ya uvimbe.
Chumvi inaingia,
uchachu unatoka,
udongo wa jirani unalainika,
na seli, kama maji ya usiku, zinatafuta mteremko.

"Huu ni utafiti," Daktari Nkya ananikumbusha. "Bado si tiba."
Najua. Najua pia zipo dawa za moyo, zipo za kifafa,
zinazokaba milango ya namna hii;
watu wanazijaribu kwenye sahani za kioo,
na sahani ya kioo haina watoto watatu.

Amepiga simu. Hajauliza majibu.
Ameuliza kama naukumbuka ule usiku
niliposinzia kwenye zamu, mgomba ukasombwa,
naye, miaka kumi na mmoja, akaingia mfongoni
akakaa penye pengo, mgongo wake ndio lango,
mpaka kukapambazuka, meno yakigongana, anacheka.

Nakumbuka, dada.
Natafuta pa kukaa.
Sina mgongo mdogo kiasi hicho.