Vichupa Kumi na Vinane

Saa saba mchana bati la stoo linalia kama kikaango.
Kipimajoto: thelathini na tatu.
Nafungua dirisha la kivulini.

Maboksi yamekaa juu ya chaga, mbali na ukuta,
maana ukuta wa Kayenze hunywa ziwa masika yote.
La kuisha mapema naliweka mbele;
Bugumba wa zamu hulirudisha nyuma,
eti limechakaa sura.

Kondomu naibinya: hewa ikicheza ndani, sawa.
Ikilala bapa kama dagaa wa juzi, naitupa,
hata tarehe ikisema bado.
Tarehe haikuanikwa juani wiki tatu.

Leo Nyamizi kavuka kutoka Bezi, mtoto mgongoni,
hataki mwingine kabla huyu hajatembea.
Nikatikisa kichupa cha sindano. Nikatikisa tena.
Unga umegoma chini, donge.
Cha pili, donge. Cha tatu.
“Nichome tu, dada, mtumbwi unarudi saa tisa.”

Nikaandika kwenye leja: kumi na vinane, vimeharibika.
Mkono ulikuwa mzito.
Nikampa vidonge vya anayenyonyesha,
pakiti kavu, kila kidonge chumbani mwake.
“Usiweke dirishani. Wala jikoni, penye moshi.”

Akacheka. “Nyumba yangu chumba kimoja, dada.
Dirisha ndilo hilo, jiko ndilo hilo.”

Mwongozo ukutani haukufika huko.
Tukafikiri wote wawili, mtoto akivuta kalamu yangu.
“Kuna sanduku chini ya kitanda,” akasema.
“Nguo za marehemu mama.
Mume wangu haligusi.”