Viatu Juu ya Kuni

Baba aliipata kwa masikio tu,
karakana ya reli, Gerezani,
kwa fundi wa vichwa vya treni, Makrei,
Mskoti mwenye grisi mpaka kwenye kope,
aliyeficha fidla katika sanduku la spana.
Saa ya chakula wakiifukuzia:
sehemu ya kwanza mara mbili,
ya pili mara mbili,
kisha unarudi mwanzo bila kuaga.

Harusini Ilala, kikundi kilipopumzika
baada ya wimbo wa dakika ishirini,
Baba akaichomoa.
Akina mama wakainuka, noti vidoleni,
wakatafuta pa kuingilia, wapi pa kutunza,
wimbo ukawapita kama pikipiki.
Wakaketi na hela zao.
Kiongozi wao, Shomari Pazi, akafuta kodiani jasho:
“Sefu, hiyo ngoma haina mlango.”

Lakini ilitoka kitabuni, Baba alijitetea.
Makrei alimwapia: mshairi wa kwao,
beti mia za vita, farasi, mabwana wagomvi,
na katikati, kama sindano iliyosahauliwa kwenye godoro,
ubeti mmoja wa mwanamke asiye na jina.
Mpiga fidla aliyekisoma akaruka vita vyote.
Akabaki na viatu.
Baba akaugeuza mwenyewe,
kwa penseli, nyuma ya stakabadhi ya mizigo:

    Viatu juu ya kuni
    vinakauka jioni,
    mwenyewe yuko jikoni,
    ngoma anaisikia.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza:
alikwenda kucheza, au hakwenda?
“Kitabu hakisemi.”
Sasa huyu anayekimbia humu ndani ya nyuzi ni nani?
Baba akapaka ulimbo upinde wake,
akapaka tena, ingawa ulikuwa umeshakolea.
Jikoni mbuzi ya nazi ilikuwa inakwaruza.
Juu ya kabati, ndani ya boksi la Bata,
vilikuwapo viatu vyeupe vyenye kisigino kifupi,
gazeti bado limo kwenye vidole.
Kila Jumamosi alipiga kwenye harusi za watu.
Kila Jumamosi mtu alibaki na sisi.

Leo nafundisha ghorofa ya pili, Mtaa wa Mkunguni.
Mwanafunzi wangu Tunu, miaka kumi na mmoja,
anaipiga kama anadaiwa.
Umeme ukakatika. Chini muuza vitenge akatukana,
jenereta la jirani likakohoa, likakataa.
Tunu hakuacha. Mikono haihitaji taa.
Mama yuko kwenye kiti chake cha plastiki,
themanini na mbili, kanga mapajani;
amekuja, anasema, kupunga upepo tu.

“Polepole, mwanangu,” akasema gizani.
“Yule naye alikuwa anakimbia.”

Tunu akapunguza.
Nikasikia mguu wa Mama ukipapasa saruji,
huku, kule, chini ya kiti,
ukitafuta ndara.