Shikamoo, Robota

Meneja alipohama Pongwe aliacha vitu vitatu:
kiti cha chuma, deni la kantini,
na mtoto wa mbwa mwenye kichwa kama ndoo.
"Huyo lindo la ghala," alisema. "Mlisheni, kazi ataijua."
Tukamwita Robota,
kwani kuliko robota la mkonge
hatukuwa na neno zito zaidi.
Mwezi ule ule, pale Bombo, binti yangu akamzaa Mwanahija.

Leo Mwanahija ana miaka tisa. Anang'oa meno,
anayatupa juu ya bati, anadai mapya.
Robota naye ana tisa. Yake hayarudi.
Kidevu kimeota mvi,
macho yana ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji.
Kusimama kwake ni shauri la baraza: kwanza miguu ya mbele,
kisha kufikiri,
kisha ya nyuma, ikikubali.

Bwana mifugo Shekilindi alikuja na pikipiki.
Tukampandisha kwenye mizani ya mkonge, kazi yangu ya miaka yote:
kilo sabini na mbili.
"Mwili mkubwa hula siku zake upesi," alisema.
"Koko wa sokoni hufika kumi na tano huku akipigwa mawe.
Huyu akifika kumi na moja, shukuruni.
Punguza ugali. Mbavu uzisikie kwa kiganja.
Mtembeze alfajiri, polepole. Asilale kwenye zege."

Nikacheka. Juma lile lile
kliniki ya presha waliniambia hayo hayo,
ila mimi hawakunishika mbavu.

Sasa tunatoka wawili, kumi na mbili kasoro,
kandokando ya reli, mimi na goti langu, yeye na nyonga zake,
na anayechoka kwanza hajitangazi.
Nimemshonea godoro la gunia, ndani makapi ya mkonge.
Bi Mgeni ananiona nikimkanda nyonga kwa mafuta ya nazi,
anauliza uani kwake, kwa sauti: "Na udhu wako?"
Namjibu maji yapo, na udongo upo.

Jana Mwanahija kaja na daftari la kuzidisha.
"Bibi, tisa mara saba, sitini na tatu."
Nikamwambia kwa mbwa wakubwa jedwali ni jingine, linakimbia zaidi.
Akaguguna penseli.
"Kwa hiyo amekuzidi wewe?"
Nina hamsini na tisa. Ndiyo, nikasema.
Alinipita, labda mwaka juzi, usiku, akiwa lindoni,
wala hakusema.

Mtoto akafunga daftari. Akasogea,
akainamisha kichwa kama mbele ya mwalimu mkuu:
"Shikamoo, Robota."

Mkia ukapiga gunia, mara moja.

Nilikuwa na bakuli mkononi,
nusu kibaba, kama nilivyoagizwa.
Nikaongeza dagaa mmoja.
Mmoja tu.
Shekilindi asiambiwe.