Ndo, Ndo, Ndo

Chururu si ndo ndo ndo, husema wasemao.
Waje hapa Tacuarembó, Julai, baridi ikiuma meno,
walale chali juu ya saruji
waitazame ndo inavyoiva
pale giaboksi inapokutana na injini,
inavyonenepa, inavyosita, inavyojiachia.
Lita nzima kila wiki mbili.
Kadibodi inalamba pensheni yangu.

Wilmar aliliita jasho.
"Gari linalofanya kazi hutoa jasho, Nélida,"
na kadibodi nyingine ikaingia chini ya pikapu,
ya sabuni, ya biskuti,
ya televisheni tuliyonunua mwaka wa mafuriko.
Yeye kaenda. Jasho limebaki.

Fundi wa karibu na stesheni alitaja bei
nikadhani ananiuzia pikapu nyingine.
Sili yenyewe, duara jeusi la mpira,
haizidi mikate mitatu.
"Unalipia njia ya kuifikia, mama."
Hapo hakudanganya.

Betri kwanza. Kisha propela shafti, nati nne,
moja imeliwa na kutu hadi imekuwa duara.
Waya wa klachi. Stata.
Bolti za giaboksi: za chini zilikubali,
ya juu kabisa imejificha nyuma ya injini
kama mtoto aliyevunja kitu.
Nikamwita Yamandú, mpangaji wa jirani,
anasomea udaktari wa mifugo, ana mkono mwembamba
uliozoea kutafuta vitu gizani ndani ya ng'ombe.

"Ipo," akasema, macho kayafumba.
"Ila hii si ya hapa."

Haikuwa ya hapa. Bolti ya kitanda,
imekatwa kwa msumeno, ikashikizwa kwa gundi.
Kitanda chetu! Na mimi miaka yote
nikiilaumu mbao kwa kile kilio cha usiku.
Kumbe aliwahi kufika huku chini.
Kumbe alijua si jasho, akafungua, akashindwa,
akafunga, akanawa mikono, akaja kula.
Nikamtukana marehemu hadi Yamandú akatazama pembeni,
kisha nikacheka, nikagonga paji la uso kwenye chasisi.

Giaboksi ilishuka juu ya jeki na tairi kuukuu.
Flaiwili nikaitia alama kwa rangi ya kucha
ili irudi ilivyokaa.
Na hapo, mwisho wa yote, sili,
ngumu kama ukoko.
Niliing'oa kwa bisibisi iliyoviringishwa kitambaa,
maana ukiikwaruza shafti umejichimbia kaburi.
Nikafuta. Nikapitisha ukucha.

Palikuwa na mfuo.
Mpira, kitu laini,
umekaa pahali pamoja
hadi chuma kikatoa njia.

Chai chungu ilipoa ndani ya kibuyu.
Yamandú aliniuliza kama nimeumia.

Sili mpya sikuizamisha hadi mwisho.
Niliiacha nje kidogo, unene wa sarafu,
mdomo wake ushike chuma kisichowahi kushikwa.
Nikaupaka oili kwa kidole.
Nikaigonga kwa kipande cha ubao, huku, kule, huku tena,
polepole, kama unayemfunika mtoto usitake aamke.

Kurudisha hakuna hadithi. Siku mbili,
ukucha mmoja, na matusi yaleyale kinyumenyume.
Klachi tuliilenga kwa mpini wa ufagio.
Bolti ya juu nilinunua ya haki yake;
ile nyingine imerudi kitandani,
fupi, lakini inashika.

Jumapili usiku nikalaza kadibodi safi.
Alfajiri, nimepiga magoti na tochi:
doa moja.
Nimeligusa. Nimesugua vidole.
Nimenusa.

Maji. Jalidi imeyeyuka kwenye bomba la moshi.

Ningeinuka basi, nikawashe jiko.
Bado nipo hapa chini, shavu juu ya saruji,
naisubiri ndo.