Nusu Saa

Kituku, saa kumi na mbili asubuhi.
Ziwa limetulia kama halijaua mtu.
Mtia dawa anavuta klorini kwa bomba la sindano,
anaidondosha ndani ya bidoni yangu ya njano:
"Mama Kavugho, usinywe sasa. Nusu saa."

Nusu saa! Na mawe ya volkeno yanakula kandambili zangu
mpaka Keshero.

Nyumbani Kavugho ana mtihani.
Anatafuna bugali mkavu, hamezi,
kafumba macho: "Mama, umeanza kuwa mtamu!
Mate yanavunja wanga, yanatoa sukari."
Mimi niliyesonga bugali miaka ishirini
sikujua mdomoni mwangu mna jiko.

Anasoma, kidole kikimtambaa tumboni:
hapa tindikali na pepsini, nyama hulegea;
hapa nyongo, mafuta hukatika vipande;
hapa kongosho; hapa utumbo hunyonya.

Nikamuuliza lile lililonikaa kooni tangu mwaka wa lava:
"Kama tumboni mna tindikali kali hivyo,
mjomba wako Paluku, kipindupindu kilimpitaje?"

Kalamu ikasimama.
"Tindikali huua vijidudu wengi, mama. Si wote.
Na maji mengi huizimua."

Paluku alikunywa kata nzima, ya ziwani,
kwa kiu ya kubeba mawe.
Alfajiri vidole vyake vilikuwa vimekunjamana
kama vya mfua nguo.

Kavugho akalaza daftari juu ya bidoni,
ukurasa wa tumbo ukitazama dari.
"Bado dakika kumi na moja."
Tukakaa na kiu yetu, tukiilinda.